Sindano Ilisimama Kwenye Mbili

Mwalimu wetu wa macho alitumia siku moja kutufundisha kupima presha ya jicho, na siku tatu kutufundisha namna kipimo kinavyoweza kutudanganya. Jicho lina presha yake, alisema, kama gurudumu la baiskeli lilivyo na upepo wake. Ikizidi, mshipa wa nyuma ya jicho unakufa kidogo kidogo, na ukishakufa hakuna dawa ya kuufufua. Halafu akaanza kutuhesabia makosa. Mgonjwa amebanwa na kola. Mgonjwa amebana pumzi. Mgonjwa anakaza kope. Muuguzi anabonyeza jicho kwa kidole bila kujijua. Chuma kina vumbi, au kioo cha jicho kina kovu la zamani. Wenzangu walisinzia. Mimi niliyakariri yote, maana nilizaliwa na tabia ya kupenda kumkamata mtu kwenye kosa, na hapa nilikuwa nimepewa chombo cha kukamatia.

Chombo chenyewe ni cha chuma, kinaenea kiganjani. Mgonjwa analala chali, unamdondoshea dawa ya ganzi, unamwambia atazame dari, kisha unakisimamisha juu ya jicho lililo wazi. Katikati kuna kijiti cha chuma kinachoteremka na kulibonyeza jicho kidogo. Jicho laini linabonyea, na sindano iliyo juu inasogea mbali: nne, tano, sita. Jicho gumu linakataa, na sindano inabaki karibu na sifuri. Tano ni salama. Mbili ni hatari. Ukitulia utaiona sindano ikitikisika kidogo sana, inakwenda na kurudi, kwa mapigo ya moyo wa huyo aliyelala. Siku ya kwanza kuona hivyo nusura nikiangushe chini.

Miaka ile ya dhahabu nilikuwa nimeolewa katika familia ya Kikurya upande wa Genkuru, na nilifanya kazi kwenye kituo kidogo cha afya ambacho sina haja ya kukitaja. Mara moja kwa mwezi nilizunguka na sanduku langu hadi Kisaka, na mara chache hadi Natta. Watu walikuwa wamemiminika kutoka kila upande, hata Wakenya waliovuka Sirari na sururu begani. Walichimba mashambani, walichimba nyuma ya vyoo, walichimba hadi chini ya sakafu za nyumba walimolala. Mashimo yao waliyaita maduara. Ukipita karibu na duara mchana wa jua kali, upepo wa baridi ulitoka mle ndani ukakugusa miguu, na ulinuka udongo ambao haujawahi kuona mwanga. Niliuogopa upepo ule na sikuwahi kuuzoea. Vumbi la karasha, zile mashine za kusaga mawe, lilitua kwenye kila kitu, kwa hiyo kila asubuhi nilikisafisha kijiti changu kwa spiriti na kukijaribu juu ya kisahani cha chuma kilichokuja nacho ndani ya sanduku. Juu ya kisahani sindano lazima isome sifuri kamili.

Kuna wiki walikuja wachimbaji saba waliokuwa wamefukuliwa wazima kutoka duara moja lililobomoka. Walikuja kusafishwa vumbi machoni, na mimi kwa kiherehere changu nikaamua kuwapima wote presha. Wa kwanza alisoma mbili, macho yote mawili. Wa pili mbili. Wa tatu mbili. Nilikisafisha chombo, nikakiweka juu ya kisahani, kikasoma sifuri kama inavyotakiwa. Nikamwita mlinzi wa kituo, nikamlaza, akasoma tano. Nikamlaza mchimbaji wa nne, sindano ikarudi kwenye mbili. Nywele zilinisimama. Wanaume wanne, macho manane, na sindano haitaki kuvuka pale, kana kwamba walichokutana nacho kule chini kilikuwa kimewakaa ndani ya macho.

Mchimbaji wa tano nilimtazama vizuri zaidi. Chombo kilikuwa juu ya jicho lake, na kifua chake kilikuwa kimetulia kama cha maiti.

"Wewe, unapumua?" nikamuuliza.

Hakujibu. Nikapiga kitanda kofi. "Pumua!"

Akashtuka, akatoa pumzi ndefu, na sindano ikasogea polepole kutoka mbili hadi tano.

"Sista, usinikasirikie," alisema baada ya kukaa kitako. "Kule chini ukiwa umelala chali na kitu kinashuka usoni, hupumui. Kifusi kikisikia unapumua kinakufuata."

"Kifusi hakina masikio."

"Hujakaa nacho," akasema, na wenzake waliokuwa wamepanga foleni mlangoni hawakucheka.

Niliwarudia wale wanne wa mwanzo, kisha nikawapima wawili waliobaki. Pumua, tano. Pumua, tano. Siku ile nilijiona mganga wa waganga. Tangu hapo kila aliyetoka maduarani akisoma mbili nilimpigia kitanda kofi, akapumua, sindano ikaenda tano, nami nikaandika tano. Hakuna aliyeniambia kwamba kosa unalolijua sana linaweza kukuziba macho, na kama angeniambia nisingemsikiliza.

Ni hao hao wachimbaji walioniletea habari ya mzee. Mmoja alikuwa amelala kitandani akingoja ganzi ishike, akaniambia kwamba juu ya kijiji kuna mzee ambaye akitazama taa anaona pete za dhahabu zimeizunguka. Pete kubwa, moja ndani ya nyingine, za njano na nyekundu kwa nje. Walikuwa wakimchukua wanampeleka maduarani, wanamteremsha hadi kwenye giza, wanamwashia taa ya chemli, na wote wananyamaza. Palipokuwa na pete kubwa zaidi, hapo walichimba. Akaniapia kwamba mara mbili walikuta mkanda wenyewe wa dhahabu, ule mstari unaopita ndani ya mwamba.

"Mzee gani huyo?" nikauliza.

Alipomweleza, fimbo yake, koti lake la kijani, ng'ombe wake mwenye pembe moja, nikajua ni baba mkwe wangu.

Nilikasirika. Sikuogopa, nilikasirika, na hilo najilaumu mpaka leo. Nilimwambia yule kijana kwamba wanamchosha mzee wa watu kwa ujinga wao, na kama wanataka pete waende kwa sonara Tarime mjini. Muuguzi wa macho aliyeambiwa kwamba mtu anaona pete za rangi kuizunguka taa anapaswa kusimama alipo na kuacha kila kitu. Ilikuwa kwenye daftari langu la chuo, kwa mwandiko wangu mwenyewe: presha ikipanda, kioo cha jicho huvimba maji, na mwanga hujivika pete. Lakini habari ilikuja imevaa nguo za ushirikina, na mimi ushirikina nilikuwa naufukuza mlangoni.

Lazima nieleze ukwe wetu, asiyeujua asije akadhani tulikuwa na ugomvi. Kwetu mke wa mwana na baba mkwe hawagusani. Hawatazamani usoni, hawapokezani kitu mkono kwa mkono, hawakai chumba kimoja. Ni heshima, tunaiita ensoni, na ndani yake mna aibu inayowasha kama upupu. Kwa miaka tisa nilikuwa naijua sauti yake ya kukohoa, na visigino vyake akiwa anaondoka. Akinikuta njiani alipinda akapita majanini. Shikamoo yangu niliitoa nikiwa nyuma ya ukuta, naye aliijibu akiwa upande wa pili. Sura yake niliijua kwa picha iliyokuwa ukutani kwa mama mkwe.

Siku moja mama mkwe alikuja jikoni kwangu akakaa kwenye kigoda.

"Mzee anagonga vigingi vya ndama," alisema. "Na kichwa kinamuuma upande mmoja, hapa juu ya jicho."

"Apelekwe Tarime akapimwe, mama."

"Amekataa. Anasema mpimaji yuko nyumbani kwake, kwa nini akashikwe macho na mtu asiyemjua?"

"Mimi siwezi kumgusa. Unajua, mama."

"Najua. Na yeye anajua. Ndiyo maana nimekuja na shuka."

Alilikunjua. Lilikuwa shuka jeupe, na alikuwa amelikata matundu mawili madogo.

Walikuja kituoni siku ambayo hapakuwa na kliniki. Nilisimama ukutani nimewapa mgongo mpaka nikasikia kitanda kinalia na mama mkwe akasema tayari. Nilipogeuka nikaona shuka jeupe refu, limenyooka kutoka kichwani hadi miguuni, na ndani ya matundu mawili macho ya mtu yamefunguka yakitazama dari. Hayakupepesa. Nimewahi kuona maiti nyingi, na hakuna iliyonitisha kama shuka lile lenye macho. Nikavaa glavu.

Mama mkwe alikaa kichwani pake kutupelekea maneno. Nilimwambia yeye, naye akamwambia mumewe, ingawa kati yetu hapakuwa na hata hatua moja.

"Mwambie nadondosha dawa."

"Anadondosha dawa."

Nilikisimamisha chombo juu ya jicho la kulia, uso wangu nimeugeuzia dirishani, sindano nikiitazama kwa pembe ya jicho. Mbili. Ikitikisika na moyo wake, mbili. Nikainua, nikasubiri, nikarudia. Mbili. Jicho la kushoto, mbili. Mara ya tatu, mbili.

Mtu mwingine yeyote ningempigia kitanda kofi. Ningesema pumua, ningekaa pale nusu saa, ningemlegeza kola, ningemtania mpaka acheke. Kwa yule aliyekuwa chini ya shuka sikuweza hata kusema mwambie apumue, kwa maana ilikuwa ni kutaja mwili wake mbele ya mke wake. Nilitaka iishe. Nilitaka atoke. Nikajiambia: huyu anashinda na wachimbaji, amelazwa chali, mke wa mwanawe amemwinamia, aibu imemshika, amebana pumzi. Shuka kifuani halipandi wala halishuki. Kosa hili nalijua. Angepumua ingekuwa tano.

Nikachukua kadi, nikaandika tano na tano, nikampa mama mkwe.

"Yuko salama?" mama mkwe akauliza.

"Yuko salama. Kichwa ni uchovu wa kwenye maduara. Wasimpeleke tena."

Lakini walimpeleka, maana nilikuwa nimesema yuko salama. Walimpeleka msimu mzima wa mvua. Baadaye sana, nikiwa nimekaa na daftari langu la chuo, ndipo nilipounganisha: kuna macho ambayo giza huyaumiza, kwa sababu mboni ikipanuka gizani inaziba njia ya maji ya jicho kutoka, na presha inaruka juu. Kila walipomteremsha kwenye giza lile na kungoja kimya pete zitokee, presha ndiyo iliyokuwa inazileta. Walikuwa wakichimba kwa kufuata macho ya mtu yanavyokufa. Dhahabu waliyoipata nimeshindwa kuieleza mpaka leo, na nimeacha kujaribu.

Mtama ulipokomaa alikuwa haoni ng'ombe wake mwenyewe. Mume wangu alimpeleka hospitali kubwa ya mbali, nami nikaenda nyuma yao kama mkwe, nikakaa kiti cha mwisho cha basi na kwenye korido. Daktari alitoka na kadi mkononi. Alinieleza, kwa kuwa alijua mimi ni mwenzake wa kazi, kwamba mishipa yote miwili imekufa, kwamba imebaki dawa ya kumpunguzia maumivu tu. Kisha akaigeuza kadi.

"Hapa pameandikwa tano na tano. Alipima nani?"

"Kituoni," nikasema.

Alinitazama kidogo, akanirudishia kadi. Sikusema mimi. Nilikuwa na mdomo na sikusema.

Wachimbaji waliendelea kuja. Hilo ndilo lililonitia baridi kuliko yote. Nilidhani akipofuka watamwacha, kumbe walizidi, wakisema sasa anaona vizuri zaidi kwa kuwa hahitaji taa. Nilikuwa nasikia nikiwa jikoni. Walikaa naye uani, wakanyamaza, na baada ya muda sauti yake ilisema, polepole, "Iko pale. Kubwa." Nilichungulia mara moja nikamwona amenyoosha kidole kwenye ukuta wa jiko langu, pale hasa nilipokuwa nimesimama kwa ndani. Nilihama nikasimama pembeni. Kidole kilibaki palepale, lakini usiku ule sikula.

Aliyevunja ukwe ni yeye. Mama mkwe alipofariki, watoto wa kiume wakiwa wametawanyika kutafuta maisha, nilikuwa naweka chakula mlangoni kwake na kukimbia. Siku moja kabla sijageuka akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mama, ingia. Sikuoni."

Nilisimama na bakuli mkononi. Wazee wengine walinung'unika kwamba ensoni haipimwi kwa macho, yeye akawajibu kwamba aibu ni yake, na yeye ameimaliza. Kuanzia hapo nilimshika mkono kwenda chooni, kwenda zizini, kwenda kuota jua. Alinifundisha majina ya ng'ombe. Alinitania kwamba ugali wangu aliula miaka mingi akidhani umepikwa na mtu mnene. Baba yangu mzazi nilimpoteza nikiwa mdogo, na huyu nilimpenda, nasema wazi. Kila aliponishika bega kuinuka, nilikumbuka kilichonipa ruhusa ya kushikwa bega.

Miaka ilipita. Maduara mengi yalifukiwa au yalijifukia yenyewe, watu wakahamia kwingine. Kituo kililetewa mashine mpya, na nilipostaafu waliniachia chombo changu cha zamani na sanduku lake. Nilikiweka kabatini chini ya kanga. Nilidhani hakuna anayejua kipo.

"Mama," alisema siku moja tukiwa juani, "lile dude lako bado unalo?"

"Ninalo, tata." Tata ni baba kwa Kikurya. Nilikuwa nimeanza kumwita hivyo baada ya kunikaribisha ndani.

"Nipime."

"Kupima kwa ajili ya nini sasa?"

"Nipime tu. Nimekuomba, nipime."

Kesho yake niliomba kichupa cha ganzi kituoni. Nilikisafisha kijiti kwa spiriti, nikakiweka juu ya kisahani, kikasoma sifuri. Alilala chali juu ya ngozi ya ng'ombe uani, bila shuka. Kwa mara ya kwanza niliyatazama macho yake kwa karibu, mchana, bila kukwepa. Kioo chake kilikuwa na ukungu wa kijivu, mboni zimefunguka pana na hazikutikisika jua lilipozipiga. Nilimlegeza kola. Nilikaa mpaka mikono ikatulia. Vidole vyangu niliviweka kwenye mfupa, mbali na jicho, kama tulivyofundishwa.

"Pumua, tata," nikasema.

Akapumua. Safari hii nilikitazama kifua chake. Kilipanda, kikashuka, kikapanda, polepole kama cha mtu anayesinzia. Na hapo ndipo nilipokumbuka kitu nilichokuwa nimekizika: siku ile ya shuka kifua sikukitazama. Nilikuwa nimegeuzia uso dirishani. Shuka lisilopanda wala kushuka nililitunga nikiwa na kalamu mkononi, na kwa miaka yote nilikuwa nalikumbuka kama nililiona.

Nikakisimamisha chombo juu ya jicho la kulia. Sindano ilisogea, ikafika kwenye mbili, ikasimama. Ilitikisika na moyo wake, ikabaki palepale.

"Inasema ngapi?" akauliza.

"Mbili."

"Na siku ile?"

Uongo ulikuwa karibu, kama mara zote. "Mbili," nikasema.

"Mke wangu aliniambia tano."

"Niliandika tano, tata. Nilijua umebana pumzi. Wachimbaji wote walikuwa wanabana, na wewe nilidhani ni aibu, nilidhani..." Nilikuwa nalia, na machozi yangu yalimdondokea shavuni, naye hakuyafuta.

Aliuchukua mkono wangu akauweka kifuani pake, macho yake yakiwa wazi kulielekea jua. Kifua chake kilipanda na kushuka chini ya mkono wangu.

"Siku ile nilikuwa napumua, mama," akasema. "Nilipumua hivi hivi."